Mheshimiwa Ametunga Nini?

Msomaji mpenzi, kabla sijaingia katika kiini cha makala haya, naomba nikusimulie aibu iliyonipata katika bwalo letu la maankuli muhula uliopita. Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Hoja ilikuwa hivi: "Mbunge bora ni yule mwenye mkono wa kutoa." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilipanda jukwaani kifua mbele, nikamwaga methali kama mvua ya masika, nikasema mbunge si benki wala si duka la jumla, kazi yake ni kutunga sheria. Makofi yakalia pwa! pwa! pwa! Ndipo msemaji wa upande wa pili aliposimama polepole, akarekebisha tai yake, akaniuliza: "Ndugu mpinzani, umetuambia kazi ya mbunge ni kutunga sheria. Haya, tutajie sheria moja tu iliyoletwa Bungeni na mbunge wa kawaida. Si waziri, si serikali. Moja tu!"

Wallahi, nilibaki mdomo wazi. Sikuwa na hata moja. Bwalo zima liliangua kicheko, mshika saa akagonga kengele, nami nikashuka nikitazama viatu vyangu. Tulishindwa. Lakini kilichoniuma si kushindwa. Kilichoniuma ni kwamba yule mwenzangu alikuwa na haki. Nilikuwa nikiisifu kazi nisiyoijua, naye alikuwa na mfano wa kweli: jirani yao alilipiwa karo na mbunge tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Methali kumi haziwezi kumshinda mtu mmoja aliyesomeshwa.

Kuuliza si ujinga. Baada ya siku ile niliwasumbua walimu wetu wa Kiswahili na wa Historia, nikaisoma Katiba kifungu kwa kifungu, nikapekua magazeti ya zamani katika maktaba. Makala haya ndiyo jibu ambalo ningempa mwenzangu siku ile kama ningelikuwa nalo.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Tuanze na msingi. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 95, inaeleza kazi za Bunge la Taifa. Wabunge huwawakilisha wananchi, hutunga sheria, huamua jinsi fedha za nchi zitakavyogawanywa na kutumiwa, na huwachunguza walio serikalini. Ukisoma kifungu hicho mwanzo hadi mwisho hutaona mahali palipoandikwa kwamba mbunge anunue jeneza, alipe bili ya hospitali au atoe mia mbili mia mbili sokoni. Sisemi ni dhambi kumsaidia mgonjwa. Nasema tu kwamba hiyo ni huruma ya mtu binafsi. Kazi aliyotumwa ni ile nyingine, na ndiyo anayolipwa mshahara kwayo.

Basi ukitaka kujua mbunge amefanya nini, nimegundua kuna mahali patatu pa kutazama. Kwanza, ni miswada gani aliyoileta au kuirekebisha? Pili, alisema nini na alipiga kura vipi? Tatu, fedha alizofanyia kampeni zilitoka wapi?

La pili ni jepesi, kwa hivyo nitalipitia haraka. Kila neno linalosemwa Bungeni huandikwa katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Wabunge wakipiga kura kwa kuhesabiwa, majina nayo huandikwa. Tarehe 20 Juni 2024, Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Vijana nchini kote walilisoma lile jedwali la majina kama vile sisi tunavyosoma matokeo ya mtihani ubaoni. Hapakuwa na la kubishaniwa. Jina la mtu lilikuwa upande huu au upande ule. Kuna pia shirika la Mzalendo ambalo huhesabu ni mara ngapi kila mbunge amezungumza. Hesabu hiyo inafaa, ila tusisahau kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Anayezungumza mara mia si lazima awe amesema jambo.

SHERIA MOJA, MBUNGE MMOJA

Sasa nije kwa swali lililonitoa jasho. Je, yuko mbunge wa kawaida aliyewahi kuleta sheria? Wako. Nami nimemchagua mmoja ambaye kazi yake inatugusa sisi wanafunzi moja kwa moja, ingawa wengi wetu hatujui. Naye ni Njoki Ndung'u.

Bi. Njoki Ndung'u ni wakili kwa taaluma. Aliingia katika Bunge la tisa mwaka 2003 kama mbunge wa kuteuliwa kupitia muungano wa NARC. Zamani hizo Bunge lilikuwa na wabunge 222, yaani 210 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa na vyama. Wanawake kati yao wote walikuwa 18 tu. Hebu piga hesabu. Hata wanawake wote wangeinua mikono pamoja, wasingefika hata mmoja kati ya kumi.

Wakati huo makosa ya ubakaji na kunajisi watoto yalikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu ya tangu ukoloni, chini ya kichwa cha makosa dhidi ya maadili. Tazama kichwa chenyewe! Ni kana kwamba aliyeumizwa ni maadili, wala si mtu. Sheria ile haikuweka kiwango cha chini cha kifungo, kwa hivyo mtu aliyemharibia mtoto maisha aliweza kupewa kifungo kifupi akarudi kijijini. Tena, kwa sheria ile aliyeweza kuitwa mwathiriwa wa ubakaji ni mwanamke peke yake, na wa kunajisiwa ni msichana peke yake. Mvulana aliyetendewa unyama huo hakuhesabiwa katika makosa hayo.

Bi. Njoki hakuwa waziri. Hakuwa na wizara ya kumwandikia mswada. Kanuni zilimtaka kwanza alete hoja ya kuwaomba wenzake ruhusa ya kuuleta. Alipoipata, safari ndefu ikaanza, nami nitaieleza kwa sababu ndiyo safari ya kila mswada. Mswada huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Husomwa mara ya kwanza, hapo karani akisoma jina lake tu. Siku hizi, baada ya hapo, kamati husikiliza maoni ya wananchi. Kisha husomwa mara ya pili, wabunge wakajadili nia yake: wanautaka au hawautaki? Ukipita hapo, Bunge zima hukaa kama kamati na kuchambua kifungu kimoja kimoja, kuongeza hapa na kukata pale. Halafu husomwa mara ya tatu, na mwishowe hupelekwa kwa Rais atie sahihi. Katika kila kituo mswada unaweza kufa, na miswada mingi ya wabunge binafsi hufia njiani.

Mswada wa Makosa ya Ngono ulikaribia kufa. Mjadala wa mwaka 2006 ulikuwa mkali. Mbunge mmoja alitoa maneno ya kuwadhihaki wanawake hata wabunge wanawake wakainuka na kutoka nje. Wengine walisema mswada ungewatia wanaume wasio na hatia jela. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo mdahalo haukunifunza: kwamba kutunga sheria si kutoa hotuba nzuri, ni kutafuta kura. Wanawake 18 hawakuweza kupitisha chochote bila wanaume. Ili kura hizo zipatikane, mswada ulipunguzwa. Kilichohusu ubakaji ndani ya ndoa kiliondolewa. Kukaongezwa kifungu cha 38, kilichosema kwamba atakayemsingizia mwenziwe kosa atapewa adhabu ileile ya kosa lenyewe. Fikiria msichana mwenye hofu akisikia habari za kifungu hicho kabla ya kwenda kuripoti! Kifungu hicho kilikuja kufutwa mwaka 2012.

Mswada ulipita, na Rais Mwai Kibaki akautia sahihi Julai 2006. Ukawa Sheria Nambari 3 ya mwaka 2006. Anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Sheria inamlinda mvulana kama inavyomlinda msichana.

Na sasa, mwanafunzi mwenzangu, soma hili mara mbili. Kifungu cha 24 kinamtaja mwalimu mkuu, mwalimu, na mfanyakazi yeyote wa shule ya msingi au ya sekondari. Yeyote kati yao anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi kufanya naye ngono ametenda kosa, na kifungo chake si chini ya miaka 10. Haijalishi kama mwanafunzi "alikubali". Kifungu hicho kinakulinda wewe unayesoma gazeti hili, uwe wa darasa lolote, na hukukijua. Hata mimi sikukijua.

Je, sheria hiyo haina dosari? La hasha, siwezi kusema hivyo. Wapo wanaolalamika kwamba vijana wawili wa rika moja wakipendana, mvulana ndiye hujikuta kizimbani, akakabiliwa na miaka 15 hata akiwa ametoka shule juzi. Mahakama nazo zilivutana kuhusu vile viwango vya chini vya kifungo, hadi Julai 2024 Mahakama ya Juu iliposhikilia kwamba viwango hivyo ni halali na kwamba kuvibadilisha ni kazi ya Bunge. Kwa hivyo dosari zikiwapo, wa kuzirekebisha ni mbunge mwingine, kwa mswada mwingine. Duara linarudi palepale.

Kazi ya Bi. Njoki haikuishia hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 ilipokuwa ikijadiliwa, alipendekeza marekebisho ya likizo ya uzazi. Mama akapata miezi 3 yenye malipo kamili, na baba wiki 2. Baadaye alikuwa katika Kamati ya Wataalamu iliyoandaa Katiba ya 2010, na mwaka 2011 akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Lakini hata kama angestaafu siku ile ya Julai 2006, rekodi yake ingetosha.

FEDHA ZA KAMPENI

Msomaji makini atakuwa ameona jambo. Bi. Njoki alikuwa mbunge wa kuteuliwa. Hakuwa na eneo bunge. Hakulazimika kuzunguka na magari kumi, wala kugawa leso, unga na fulana. Sisemi wateule wote ni malaika, kwani mteule naye ana deni kwa chama kilichomteua. Nasema tu kwamba deni lake ni la namna nyingine. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye swali la tatu: wale wanaochaguliwa hulipa kampeni kwa fedha za nani?

Katika uchaguzi wa 2022, ada ya kuwania ubunge iliyolipwa kwa Tume ya Uchaguzi ilikuwa shilingi 20,000. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walilipa nusu yake, shilingi 10,000. Ukiangalia ada hiyo utadhani hata mwalimu wetu wa Kemia anaweza kuwania. Lakini ada ni kama nauli ya kufika stendi tu. Safari yenyewe ina mafuta ya magari, mabango, vipaza sauti, mawakala katika kila kituo cha kura, na zile mia mbili mia mbili ambazo sisi wenyewe tunazidai. Mwenye mshahara wa kawaida huzitoa wapi? Ama atauza shamba, ama atakopa, ama ataletewa na mtu mwenye fedha. Na huyo mwenye fedha haleti sadaka. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mheshimiwa akifika Bungeni atalilipa deni hilo kwa nini? Hana kitu kingine cha kulipia ila kura yake, swali lake na ukimya wake.

Wabunge wenyewe walilijua hilo. Mwaka 2013 ilipitishwa Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi. Ni sheria nzuri ukiisoma. Inamtaka mgombea awe na kamati ya matumizi na akaunti ya benki ya kampeni. Inasema mchango kutoka kwa mtu mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote, ili mgombea asiwe mali ya tajiri mmoja. Mchango usiojulikana umetoka wapi hauruhusiwi kuwekwa mfukoni, bali lazima upelekwe kwa Tume. Tena inaipa Tume uwezo wa kuweka kiwango cha juu cha matumizi.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kabla ya uchaguzi wa 2017, sheria hiyo iliahirishwa hadi uchaguzi upite. Mwaka 2021 Tume ilitangaza viwango vya matumizi kwa ajili ya uchaguzi wa 2022, ambapo mgombea urais hangezidi takriban shilingi bilioni 4.4. Agosti hiyohiyo Bunge la Taifa likavibatilisha, kwa hoja kwamba taratibu na kanuni hazikufuatwa. Kwa hivyo uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022 yote ilifanyika bila kikomo cha matumizi. Huenda hoja ya taratibu ilikuwa na uzito wake, mimi si mwanasheria. Lakini najiuliza: wanaopiga kura kuhusu kikomo hicho ndio haohao watakaobanwa nacho. Kwetu tungesema fisi amepewa bucha alinde.

NIRUDI KWENYE KARO

Yule mwenzangu wa mdahalo alikuwa na mfano wa jirani aliyelipiwa karo. Siwezi kuudharau. Kijana yule alisoma kweli, na mama yake hakuuza ng'ombe. Karo unaiona. Sheria huioni. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema, "Leo kifungu cha 24 kimenilinda." Ndiyo maana mbunge mtoaji husifiwa hata na mtoto mdogo, na mbunge mtungaji hasifiwi na mtu.

Lakini ningemwomba mwenzangu tupige hesabu pamoja. Karo ile ilimfikia mwanafunzi mmoja, na ilidumu miaka minne, na ilimtegemea mheshimiwa kuwa na fedha na kuwa na moyo. Mheshimiwa akishindwa uchaguzi, karo inakatika. Sheria ya 2006 inamfikia kila mwanafunzi kutoka Lamu hadi Busia, mtoto wa aliyempigia mbunge kura na wa aliyemnyima. Bi. Njoki ametoka Bungeni tangu mwaka 2007, lakini sheria ingali inafanya kazi. Pia ningemuuliza swali moja kwa upole: ile karo ilitoka katika mshahara wa mheshimiwa, au kwa mtu anayemdai? Kama ni kwa anayemdai, basi jirani yenu hakusomeshwa bure. Sote tutalipa bila kujua tunalipia nini. Rahisi ni ghali.

TUFANYEJE SISI TUSIO NA KURA?

Najua mtasema, "Sisi ni wanafunzi, hatuna kitambulisho wala kura, yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 119 kinasema kila mtu ana haki ya kuliandikia Bunge ombi kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka yake, likiwemo ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kimesema kila mtu. Hakikusema kila mpiga kura. Hata mwanafunzi, ilimradi aweze kushika kalamu.

Kwa hivyo mheshimiwa atakapokuja shuleni kwetu siku ya tuzo, tumshangilie kama ilivyo desturi, na akitoa chochote tuseme ahsante, maana adabu haina hasara. Kisha mmoja wetu ainuke na kumwuliza kwa heshima zote: "Mheshimiwa, ni mswada gani umeuleta au umeurekebisha? Ulipiga kura vipi siku ile? Na kampeni yako ililipwa na nani?" Asipokuwa na jibu, atajua angalau kwamba kuna wanafunzi wanaohesabu. Baada ya miaka miwili au mitatu wanafunzi haohao watakuwa kwenye foleni ya kupiga kura.

Nami ninaomba mdahalo ule urudiwe muhula ujao. Safari hii nikiulizwa sheria moja, sitatazama viatu vyangu.